Tuliomba Papa, Akaja Koko

Tangu tumzike Mama, sipiti sokoni upande wa maharagwe bila kusimama. Juzi walishusha magunia kutoka Masisi, maharagwe mapya ambayo hayajakauka vizuri, mengine yangali ndani ya maganda yake. Muuzaji alifungua gunia mbele yangu, na ile harufu ikatoka: majani mabichi, udongo mweusi uliolala na mvua, na moshi kidogo wa nyumba fulani ambako gunia lilingojea gari. Nilisimama pale katikati ya watu nikashindwa kutaja ninachotaka kununua.

"Dada, uko muzima?" muuzaji akaniuliza.

Nikamwambia niko mzima. Lakini sikuwa Goma tena. Nilikuwa mlimani kwetu, upande wa Bihambwe, ndani ya shamba ambalo maharagwe yalipanda juu ya miti hadi kunipita kichwa, nikimtafuta Mama kwa kufuata sauti yake.

Nyinyi mliokua wakati ule mnajua shamba la namna ile linavyokuwa kwa mtoto. Unaingia kati ya mistari, na nyumba inapotea, kanisa linapotea, mlima wa malisho ng'ambo ya pili unapotea. Unabaki na majani yenye umande yanayokulowesha shingo, na sauti ya jembe mahali fulani mbele. Mama alikuwa akilima huku akiomba. Si kwa sauti kubwa. Alikuwa akizungumza na Mungu jinsi mtu anavyozungumza na jirani aliye shamba la pili, neno moja, kisha jembe, kisha neno lingine. Mimi nilidhani wamama wote hulima hivyo.

Papa, baba yangu, alikuwa mwimbishaji wa kwaya katika kanisa letu la mbao. Hakuwa mtu mrefu, lakini sauti yake ilikuwa nzito, na alipoimba sehemu ya chini nilikuwa nikiisikia kwenye benchi nililokalia kabla ya kuisikia masikioni. Alikuwa na tabia moja ambayo watoto wote wa mlima walimjua nayo. Akitoka shambani au Masisi, akifika kwenye kona ya njia, chini ya miti ya mikaratusi, kabla hatujamwona, alikuwa akiita: "Muko?" Na sisi, popote tulipo, jikoni au nyuma ya nyumba, tulijibu kwa pamoja: "Tuko!" Mama naye alijibu, hata akiwa na mboga ya kuonja chumvi mdomoni. Ilikuwa salamu ya nyumba yetu.

Mama yake Papa, ambaye tulimwita Koko, hakuishi nasi wakati huo. Alikuwa ameenda upande wa Walikale, ndani kule kwenye pori, kumsaidia shangazi yangu aliyekuwa amejifungua. Alikwenda kwa muda mfupi, akakaa. Kisha habari zikaanza kufika, kwanza kwa madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, halafu kwa watu wenyewe waliopita na magodoro kichwani: kule wanachoma nyumba, watu wanalala porini, njia hazina mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shule. Asubuhi aliyoondoka Papa nilikuwa nikijipasha moto jikoni, na Papa na Mama walikuwa wakizungumza juu ya kichwa changu, kama watu wazima wanavyofanya wakidhani mtoto anasikiliza moto tu.

"Papa Riziki, hata kama ungengoja kidogo," Mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Njia haijulikane."

"Ningoje nini? Ule ni mama yangu. Hawezi kukimbia. Magoti yake unayajua."

"Na sisi?"

Papa alikuwa akifunga kamba ya viatu. Aliifungua, akaifunga tena.

"Nyinyi muko na Mungu," akasema. "Na yeye kule iko na Mungu. Mimi naenda tu kumuchukua kwa mikono."

Mama hakubishana tena. Alimfungia viazi vitamu vya kuchemsha, na kipande cha jibini alichokitia ndani ya jani la mgomba, maana Koko alipenda jibini na kule porini hakuna ng'ombe. Tukasimama mlangoni, Papa akaweka mkono wake juu ya kichwa changu na mwingine juu ya kichwa cha kaka yangu mdogo, akaomba maombi mafupi sana. Nakumbuka mkono ule ulikuwa na joto na uzito, nikatamani maombi yawe marefu ili ubaki. Kisha akateremka. Alipofika kwenye kona na miti ya mikaratusi ikamficha, tukasikia sauti yake ikipanda: "Muko?"

Ilikuwa mzaha, maana alikuwa akienda na si kuja. Tukacheka. "Tuko!" tukajibu.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia.

Baada ya hapo njia ya Nyabiondo, aliyoishika Papa, ikafungwa. Sikujua njia inafungwaje. Nilifikiri wameweka mlango. Madereva wa moto wakaacha kupita. Siku nyingine tulisikia masasi, milio ya bunduki, mbali, nyuma ya milima, sauti kama ya mtu anayepasua kuni kavu, na Mama angesimama na jembe mkononi hadi iishe. Watu wakaanza kuuliza. Wakimkuta Mama kisimani, wakimkuta mlangoni mwa kanisa: "Mama Riziki, Papa iko wapi sasa?" Na Mama alikuwa na jibu moja.

"Iko mu mikono ya Mungu."

Mimi nilielewa kwamba hapo ni mahali. Niliposikia watu wakisema fulani iko Kitchanga, fulani iko Burungu, nilijua ni vijiji. Basi na Papa alikuwa mu Mikono. Nilipaona kabisa. Ilikuwa mikono kama ya Papa mwenyewe, mikubwa, yenye udongo kwenye mistari ya viganja, imefungamana nyuma ya pori la Walikale pale mawingu yanapolala, na Papa alikuwa amekaa ndani yake kama kuku anavyokaa kwenye kiota. Mvua ikinyesha nilijua kule hainyeshi. Wakati wa chakula nilijiuliza kama amekwisha kula vile viazi, na kama Mungu ana jiko. Sikuwa na huzuni. Mbele ya watoto wengine nilikuwa hata na majivuno kidogo, maana baba zao walikuwa mahali pa kawaida tu.

Nilimwuliza Mama mara moja kama nafasi itawatosha wote wawili: "Na Koko akifika kule, fasi itaenea?"

"Kule wapi?"

"Kule Papa iko."

"Itaenea," akasema, akageuka upande wa sufuria.

Papa alikuwa na kaka yake, Papa mukubwa Bauma, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya mlima. Hakuwa mtu wa kanisa sana, alikuja wakati wa sikukuu. Lakini tangu Papa aende, alikuwa akituletea kuni na kutusaidia kusimamisha miti ya maharagwe. Alasiri moja alikuwa akipanda na mzigo, na alipofika kwenye kona, sijui ni nini kilimjia, labda alitaka kutufurahisha, akaita: "Muko?"

Sauti za ndugu wale wawili zilikuwa moja. Sikuwahi kulitambua jambo hilo hadi siku ile. Mimi na kaka yangu tulipiga kelele "Tuko!" tukakimbia, na Mama alitoka jikoni bila viatu, mikono imejaa unga, akatupita. Mama hakuwa akikimbia, alikuwa mtu wa kutembea. Siku hiyo alitupita. Tukafika kwenye kona, tukamkuta Papa mukubwa amesimama na kuni begani, anatutazama mmoja mmoja. Akaelewa. Akaweka kuni chini polepole.

"Munisamehe," akasema. "Mama Riziki, unisamehe. Sikufikiri."

Mama alikuwa akipumua kwa nguvu. Akafuta unga kwenye kitenge. "Haina neno, shemeji. Karibu, uji iko tayari."

Tangu hapo Papa mukubwa akifika kwenye kona alikuwa akikohoa.

Mama mmoja, jirani yetu, alifiwa na mtoto mchanga, homa ya siku chache tu. Watu wote wa mlima walienda. Nilisimama mbele, kati ya miguu ya watu wazima, nikaona shimo dogo jinsi lilivyochongwa vizuri, udongo mweusi juu na mwekundu chini. Wakashusha kile kisanduku. Pasta akachukua udongo kiganjani, akasema: "Bwana alitupatia, na leo tunamurudisha mu mikono ya Mungu." Na udongo ukaanguka juu ya mbao.

Nililia hadi wakanitoa. Watu walisema mtoto huyu ana moyo mwepesi, angalia anavyomlilia mtoto wa watu. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimekwisha kuona mahali Papa alipo.

Nyumbani sikula. Siku ya pili pia sikula, na Mama aliponivuta karibu nilimsukuma.

"Ulidanganya!" nikamwambia. "Ulisema Papa iko mu mikono ya Mungu. Mikono ya Mungu iko mu udongo! Niliona!"

Uso wa Mama ulibadilika. Nilingoja anipige, maana sikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima neno kama lile. Hakunipiga. Alichukua jembe lake, akanishika mkono, tukaenda shambani, tukaingia kati ya mistari hadi nyumba ikapotea. Akaketi chini, akanikalisha mbele yake.

"Riziki, unisikilize. Papa yako, sijue fasi iko. Umesikia? Miye Mama yako, sijue."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akisema hajui. Ilinitisha kuliko kaburi.

"Amekufa?"

"Sijue."

"Iko muzima?"

"Sijue, mwanangu. Ningejua ningekuambia. Kila mutu ananiuliza, na kila mara nikisema sijue, moyo unakatika. Njo maana nasema iko mu mikono ya Mungu. Kama ni muzima, iko mule. Kama alikufa, iko mule vilevile. Fasi ni moja. Ni miye tu sijue namna gani iko amekaa."

"Na Mungu anajua?"

"Anajua."

"Sasa kwa nini hatuambie?"

Mama aling'oa gugu lililokuwa karibu na goti lake, na lingine, na lingine, hadi pale alipoketi pakawa pasafi. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti yoyote, yanaingia kwenye mikunjo ya pua na kuanguka, naye hakuyafuta.

"Hilo nalo sijue," akasema. "Tulime."

Tukalima. Ndipo nilipoanza kuyasikiliza yale maneno yake kati ya jembe na jembe. Nilikuwa nikifikiri anamsifu Mungu. Kumbe mara nyingi alikuwa akimwuliza. "Bwana, amekula?" Jembe. "Bwana, anasikia baridi?" Jembe. Na alipochoka kuuliza, alikuwa akilitaja tu jina la Papa, lote, lile la ubatizo na lile la ukoo, kama mtu anayemtambulisha mtu wake kwa mkubwa fulani ili asisahauliwe.

Asubuhi zote tukaomba kwa ajili ya Papa, sisi watatu, tumepiga magoti kwenye mkeka kabla ya uji. Kaka yangu alikuwa akisinzia. Mimi nilikuwa nikifinya macho kwa nguvu, nikidhani maombi ni kama kusukuma kitu kizito, ukisukuma vya kutosha kitasogea.

Na kweli kitu kilisogea. Mchana mmoja, maharagwe yakiwa yametoa maua, tukasikia moto ikipanda mlima. Zilikuwa hazijapanda kwa muda mrefu. Nilikuwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, nikaiona ikitokea kwenye kona, dereva mbele, na nyuma yake mtu aliyejifunika kitenge kichwani, ameinama juu ya mgongo wa dereva. Sikungoja kuona zaidi.

"Papa amekuja!" nikapiga kelele. "Mama, Papa amekuja!"

Mama alitupa jembe. Majirani wakatoka. Moto ikasimama kwenye uwanja wetu, na dereva akageuka kumsaidia abiria wake kushuka, mguu mmoja, kisha mwingine, polepole sana. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki. Kitenge kikaanguka. Alikuwa Koko.

Alikuwa amekonda hadi masikio yake yakaonekana makubwa. Alitutazama wote, akatabasamu kwa meno machache aliyobaki nayo, kisha akaanza kutazama nyuma yetu, mlangoni, shambani.

"Mwanangu iko wapi?" akauliza. "Mumuite basi, aje anipokee."

Dereva alishika funguo zake akazitazama. Ndipo tukajua: hawakukutana. Papa hakumfikia. Koko na shangazi walikuwa wamekimbilia porini kabla, wakapotezana, shangazi akaenda na watu wa mume wake, na Koko akaokotwa na watu wa kanisa fulani waliompitisha kwa njia ya mbali hadi akapata huyu kijana wa moto. Katika safari yote ile alikuwa akijitia nguvu kwa neno moja, kwamba mlimani mwanawe anamngoja.

Mama alipiga magoti mbele yake pale uwanjani. Alimshika miguu yote miwili, iliyovimba, yenye vidonda vya njia.

"Karibu, Mama," akasema. "Umefika ku nyumba ya mwana wako."

Na Koko, aliyekuwa amezaa na kuzika, alielewa kutoka mikononi mwa Mama. Aliketi chini, pale pale kwenye udongo.

"Alinifuata," akasema. "Mbona alinifuata? Miye nilikuwa nimeisha zeeka." Akaendelea kulirudia hilo hata walipomwingiza ndani, hata alipokuwa akinyweshwa maziwa.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, Mama alituita tuombe. Nilisikia akisema: "Bwana, asante juu ya Koko." Nikafungua macho. Sauti yake haikuwa na uchungu. Alikuwa akishukuru kweli, na uso wake ulikuwa umelowa.

Tulipomaliza nilimfuata jikoni.

"Mama, Mungu alikosea?"

"Alikosea nini?"

"Tuliomba Papa. Akaleta Koko."

Mama alianza kucheka, kicheko kidogo kilichogeuka kabla hakijaisha. Akaniweka kwenye mapaja yake, ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo.

"Papa yako kule njiani alikuwa anaomba kitu gani, unafikiri? Alikuwa anaomba Koko afike. Mungu alimusikia Papa."

"Na sisi?"

Mama alichochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Koko akakaa nasi. Alikuwa akiketi mlangoni amegeukia kona, na Mama alikuwa akimwogesha, akimpaka mafuta magotini, akimpa chakula mbele yetu sote. Hakumwambia neno hata moja la kumlaumu. Wamama wa mlima walinong'ona kwamba wao wasingeweza. Nami niwe mkweli: kulikuwa na siku nilimchukia Koko kwa kuwa ni yeye, na si mwingine, aliyeteremka kwenye ile moto. Kisha aliniita nimkune mgongo, na alipoongea nilisikia Papa kidogo ndani ya maneno yake, nikabaki pale kumkuna zaidi ya alivyohitaji.

Msimu mwingine wa kupanda ulipofika, Papa mukubwa Bauma alikuja na pasta na wazee wawili wa ukoo. Walikaa kwenye viti sebuleni, Koko kitandani pake, Mama kwenye mkeka. Papa mukubwa alizungumza akitazama sakafu.

"Mama Riziki, sikuje kukuumiza. Lakini mutu hawezi kupotea kama mbuzi. Ni ndugu yangu, tulinyonya titi moja. Nataka nimulilie. Tufanye kilio, tuwashe moto, watu waje, pasta aseme neno. Kisha tupumzike. Miye silale tena."

Nilimwona macho yake yalivyokuwa mekundu. Hakuwa akitaka shamba wala nyumba. Wengine walisema hivyo baadaye, si kweli. Alikuwa mtu aliyechoka kungoja.

Pasta akaongeza kwa upole kwamba ni vizuri, kwamba hata kwake Mama itakuwa nafasi ya kupokea faraja, na kundi la wajane la kanisa lingemsimamia.

Mama aliinua kichwa.

"Shemeji, kulia, ulie. Siwezi kukukataza. Hata miye nalia. Lakini nikiketi hapo, nikivaa kitambaa cha ujane, nimesema amekufa. Na sijue. Kuna wengine wananiambia niseme ni muzima, nikatae kabisa mengine, njo imani. Hiyo vilevile sijue. Nitamudanganya Mungu mbele ya uso wake?"

"Sasa utakaa hivyo mupaka lini?" mzee mmoja akauliza. "Haiko mujane, haiko muke?"

"Niko muke ya bwana yangu," Mama akasema. "Fasi iko, Mungu anaijua. Nitakaa hivyo."

Pasta alikuwa na Biblia magotini, imefunguliwa tayari mahali alipotaka kusoma. Aliifunga. Akasema, "Tuombe," tukainamisha vichwa. Mwishowe akasema tu, "Bwana, wewe unajua, sisi hatujue," na hayo ndiyo yalikuwa maombi yote.

Hatukuwasha moto wa kilio. Lakini Jumapili iliyofuata kwaya yote ilipanda kwetu baada ya ibada, ikasimama uwanjani, na kuimba nyimbo alizowafundisha Papa. Wimbo wa kwanza ulikuwa na shimo chini yake. Sauti za wamama zilikuwa pale, na za vijana, lakini chini hapakuwa na sakafu. Katika ubeti wa pili nikasikia sauti ya Papa. Nilijua ni Papa mukubwa Bauma, nilimwona kwa macho yangu amesimama nyuma karibu na miti, yeye ambaye hakuwahi kuimba kwaya siku yoyote ya maisha yake. Nikafumba macho. Mama naye, nilipomchungulia, alikuwa amefumba. Koko mlangoni alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja, taratibu. Waliimba hadi mvua ikaanza, na hakuna aliyesema kama tulikuwa tukiaga au tukiita.

Vita vilifika mlimani kwetu mwaka uliofuata. Tulitoka maharagwe yakiwa yanakauka kwenye miti, na Papa mukubwa akambeba Koko mgongoni hadi Sake, kisha tukapewa nafasi kwenye kambi karibu na Goma, juu ya mawe meusi ambako hata kaburi huchimbwa kwa shida. Koko alifia hapo. Tulimzika, na Mama akamlilia kwa sauti kubwa iliyowatoa watu kwenye mahema yao. Wamama walishangaa mkwe kulia hivyo. Mimi nilikuwa nimekua kidogo. Nilijua hapo alipata ruhusa ya kulia kwa sauti, na kwamba kilio kile kilikuwa cha watu wawili.

Hatukurudi kuishi Bihambwe. Papa hakuonekana. Kila mtu aliyetoka upande wa Walikale Mama alimwuliza, miaka na miaka, kwa adabu, akitanguliza samahani. Mmoja alisema aliona mtu kama yeye akivuka mto. Mwingine alisema hapana, hakuna aliyevuka mto ule wakati huo. Mama aliwashukuru wote wawili.

Mwishoni alikuwa akiishi kwangu. Ugonjwa ulipomzidi tulikuwa tukimtoa nje asubuhi apate jua, na tulikaa hapo sisi wawili, mimi nikichambua sombe, majani ya muhogo. Nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa sijathubutu kumwuliza tangu siku ile shambani.

"Mama, Mungu hakukujibu. Maisha yako yote. Mbona hukumuacha?"

Aliokota jani la sombe lililoanguka, akanirudishia.

"Kuna siku nilimuambia mambo mubaya," akasema. "Nilimuambia, nipe hata kaburi. Nipe hata kiatu. Hakusema kitu. Siku ile sikuomba tena. Hata kesho yake sikuomba."

"Kisha?"

"Kisha nikafikiri. Watu wote niliisha kuuliza, hakuna anayejua. Ni yeye tu peke yake anajua fasi Papa yako iko. Sasa nikigombana naye yeye, nitabaki na nani wa kuongea naye juu ya bwana yangu?"

"Na inakutosha, Mama?"

"Siku ingine inanitosha." Aligeuza uso upande wa jua. "Siku ingine hapana. Na siku ile pia naomba."

Alikufa kabla ya mvua. Tulimzika vizuri, na ninajua mahali kaburi lake lilipo, ninaweza kwenda kwa miguu. Nilidhani hiyo ingenifariji kuliko inavyonifariji.

Mimi sina imani ya Mama. Nina ile ndogo tu iliyobaki nilipokuwa nikimsikiliza. Lakini kila asubuhi kwa miaka yote ile kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyelitaja jina la Papa mbele ya Mungu, na sasa mtu huyo hayupo. Kwa hiyo ninapiga magoti, watoto wangu wakiwa bado wamelala, na ninalitaja, lile la ubatizo na lile la ukoo. Sijui niombe nini baada ya hapo. Ninakaa kidogo. Kisha ninainuka na kuwasha mkaa.